Nyumba ya Povu Yaingia Nateete

Nilistaafu upolisi wa barabarani nikiwa najua mambo mawili tu: kupuliza filimbi, na kumwambia mwenye gari kwamba gari lake lina kasoro. Miaka yote ya kazi nilisimama kwenye njia panda za Kampala nikiwatazama watu wakienda mahali. Mimi sikwenda. Kwa hiyo wiki ya kwanza ya ustaafu, nilipoona kwenye simu mzungu mmoja mwenye kaptula akijijengea kijumba cha kuvutwa na gari, kwa mabamba ya povu na turubai basi, nilimwita mke wangu kutoka jikoni.

"Mama, njoo uone. Tutazunguka nchi."

Mke wangu ni muuguzi mstaafu, mwanamke wa Kaskazini, mpana wa mwili na mchache wa maneno. Aliitazama video hadi mwisho huku akifuta mikono, kisha akauliza, "Huyu hana jamaa wa kulala kwao?"

Swali lilikuwa la haki. Kwetu mtu husafiri kwenda msibani au harusini, hulala kwa ndugu zake juu ya mkeka, na asubuhi hulalamikia mgongo. Kusafiri bila maiti wala bibi harusi ni tabia inayohitaji maelezo. Mimi sikuwa na maelezo. Nilikuwa na muda mwingi.

Povu nililipata kwa watu wanaojenga vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki: mabamba meupe, magumu, marefu kuliko mimi, ambayo mtu huyabeba kwapani kama gazeti. Turubai nililifuata Kikuubo, kwenye vichochoro vya maduka ya jumla, na huko nilimaliza asubuhi nzima nikimweleza mwenye duka kwamba sifuniki lori, wala sisimamishi hema la harusi, wala sina matanga.

"Sasa unafunika nini, mzee?"

"Povu."

Alinipimia, akaniongezea kipande bure, kama mtu anavyompa mgonjwa chungwa.

Kazi ya trela nilimpa fundi wa vyuma wa Katwe. Alinisikiliza, akashika chaki, akaanza kuchora sakafuni. "Afande, hapa nakuwekea chuma cha pembe. Hapa kingine. Juu bati."

"Hapana. Siri yake ni wepesi."

"Wepesi?" Alilitamka neno hilo kana kwamba nimemwomba aniungie bomba la bangi. Nilimwelewa. Mjini kwetu mtu wa maana ni mtu mzito, mlango wa maana ni mlango mzito, na hata geti la mwenye kuku watatu hutaka wanaume wawili kulisukuma. Mwishowe alinitengenezea trela jembamba kama nilivyotaka, lakini aliniomba nisimtaje kwa yeyote.

Kosa la kwanza lilitokana na kiburi. Mzungu alisema gundi ya mbao, tena uichanganye na maji kidogo. Mimi nilikuwa na kopo la gundi ya viatu, ile kali inayopanda kichwani, nikawaza kwamba kilicho kikali zaidi ndicho kinachoshika zaidi. Hiyo ndiyo falsafa niliyolelewa nayo kazini. Nikapaka ukuta mzima. Povu likaanza kulia kama chapati kwenye mafuta, na mbele ya macho yangu ukuta ukajila wenyewe, ukaacha tundu la kupita mbuzi.

Mke wangu alichungulia. "Umeweka dirisha?"

"Ndiyo," nikasema.

"Zuri. Lipanue. Na uweke ubao chini yake, nipate pa kukalisha sufuria. Na kifuniko kifunguke kwa juu, jua lisiniunguze."

Ndivyo kijumba chetu kilivyopata dirisha pana lenye kaunta na kivuli. Gundi ya mbao ilifanya kazi kama mzungu alivyoahidi. Tulilowesha turubai, tukalitandaza juu ya povu, na mke wangu akalilainisha kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni, akikunja pembe kwa ustadi wa mtu aliyefunga bandeji maisha yake yote. Lilipokauka lilikaza kama ngoma. Tulilipaka rangi nyeupe iliyobaki tulipopaka dari, makopo mawili, kisha tukakinyanyua kijumba mimi na yeye tu, tukakiweka juu ya trela. Aliishika ile nyumba kwa upande wake bila hata kuweka chini kikombe cha chai.

Majirani walikuja mmoja mmoja. Wa kwanza aliuliza kama ni ya vifaranga. Wa pili alitupa pole.

Safari yetu ilikuwa ya kwenda kwenye msitu ulio kando ya barabara ya Masaka, ambako nilisikia kuna ndege wengi na watu wachache. Tulitoka asubuhi, kigari changu cha zamani kikivuta ile nyumba bila kulalamika. Tulipofika Nateete, pale soko na magari ya abiria vinapogombea barabara moja, tairi la trela likapasuka. Nikasogeza kila kitu kando, mbele ya duka lililofungwa, nikavua tairi. Mke wangu akabaki. Mimi nikapanda bodaboda, tairi mapajani, kwenda kwa mziba pancha. Nilikuwa nimevaa buti zangu nyeusi za kazi na koti la mvua la kaki, kwa sababu ndizo nguo za safari pekee ninazomiliki.

Niliporudi nilikuta foleni.

Ilianzia kwenye dirisha letu, ikapita duka la simu, ikapinda kwenye kona ya mwuza matofali. Akina mama wenye watoto mgongoni, vijana wa bodaboda, mwanamume mmoja aliyebeba soksi za kuuza. Wote wametulia, wameshika vitambulisho. Katika utumishi wangu wote sijapata kuona Wakampala wakijipanga hivyo bila kiboko.

Yule mwuza soksi aliniona na buti zangu. Watu wa mjini kwetu wakimwona mwenye buti humsemesha Kiswahili, lugha ya askari, kwa tahadhari. Na Kiswahili chetu, kwa kuwa kimelelewa kwenye ndimi za Kiganda, hakijali sana lipi ni l na ipi ni r.

"Afande," akaniuliza, "hapa wanaandikisha ya kula?"

Sikujua kama anauliza habari za kura au za kula. "Ipi?" nikasema. "Ya kupiga au ya kumeza?"

Akafikiri kidogo. "Ile itaanza kwanza," akasema.

Nilipenya hadi dirishani. Mke wangu alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, miwani puani, uso wake ule wa zahanati.

"Umefanya nini?"

"Nimefungua dirisha nipate hewa. Mmoja akasimama. Nikamwambia hakuna kitu. Akasema atasubiri. Wa pili akaja akasimama nyuma yake."

"Uwaambie waende."

"Waambie wewe."

Nikapanda juu ya jiwe, nikatangaza kwa sauti ya kazini kwamba hiki ni kijumba cha kulala, ni mali ya mtu binafsi, na hakuna kinachotolewa. Foleni ikasogea mbele hatua moja. Mama aliyekuwa wa kwanza alimgeukia wa pili, akamweleza kwa upole kwamba hivyo ndivyo wanavyosema siku zote kabla ya vyandarua kuwasili. Sikuweza kumlaumu. Mtumishi wa serikali akisema hakuna kitu, maana yake kipo, ila zamu yako haijafika.

Mke wangu alichoka kukana mapema kuliko mimi. Alivuta begi lake, akatoa mashine ya kupimia presha, akafungua daftari. "Mkono," akamwambia yule mama. "Jina usinipe, nipe umri." Na foleni, ambayo hadi hapo ilikuwa ya bure, ikawa ya kweli. Kila aliyepimwa aliondoka na karatasi ndogo yenye namba mbili, akiishika kwa vidole viwili kama cheti cha ardhi. Wawili aliwaambia waende hospitali siku hiyo hiyo. Mmoja wao alikuwa mwanamke wa makamo mwenye beseni la maembe, aliyekuja akidhani ni vyandarua. Mke wangu aliinuka, akatoka nje, akanishika koti. "Mtafutie bodaboda. Umpandishe mwenyewe. Hii si ya kusubiri." Nikampandisha, na beseni lake likabaki chini ya trela letu hadi mwanawe alipolifuata.

Ndipo akaja mwenyekiti wa eneo, bwana wa suti ya kijivu, muhuri ukiwa umeuvimbisha mfuko wake.

"Nani ameleta zoezi hili bila kupitia ofisi yangu?"

"Si zoezi, mheshimiwa. Ni chumba cha kulala."

"Analala nani?"

"Mimi na mke wangu."

Akaitazama foleni hadi mwisho wake. "Na hawa?"

Akagonga ukuta kwa kidole, povu likaitika kwa sauti ndogo, akatikisa kichwa. "Serikali siku hizi haina chuma," akasema. Kisha akafanya jambo ambalo bado nalistaajabia: alipanda juu ya lile lile jiwe langu, akawashukuru wananchi kwa kujitokeza, akasema amelihangaikia zoezi hili kwa muda mrefu maofisini na hatimaye limefika, akalitangaza kuwa limefunguliwa rasmi. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Kisha akapita mbele ya wote, akaweka mkono kwenye kaunta.

Mke wangu akapima. Akapima tena. "Hii presha si ya kutembea nayo," akasema, na sauti yake imezoea wodi ndefu. "Chumvi. Pombe. Na hizi hotuba."

"Muuguzi," akanong'ona mheshimiwa, "hayo ni mambo ya ofisi."

"Basi ofisi ipunguze chumvi."

Kicheko kilikwenda hadi kwa mwuza matofali na kurudi. Mwenyekiti naye, nimpe haki yake, alikunja karatasi yake vizuri, akaiweka mfuko wa moyoni badala ya ule wa muhuri, akauliza kwa sauti ya chini aanze na dawa gani.

Wa mwisho kuja alikuwa askari wa barabarani, binti ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kusimama mbele ya lori bila kufumba macho. Alinipigia saluti, kisha akatoa fomu.

"Afande, umeziba njia. Lazima niandike. Hapa wanauliza aina ya chombo." Akakizunguka kile kijumba mara mbili. "Niandike nini?"

Miaka mingi niliwauliza watu swali hilo hilo nikifurahia kigugumizi chao. "Andika mzigo," nikasema.

"Mzigo ni nani?" mke wangu akauliza kutoka dirishani.

Binti akafunga kalamu. Alinipa dakika kumi niondoke, akatoa mkono wake apimwe.

Nilifunga tairi, tukaondoka huku mwuza soksi akitembea kando ya gari akiuliza kesho tutakuwa wapi. Msituni tulifika jioni. Ndege walikuwepo kama nilivyosikia, na watu walikuwa wachache kweli. Mke wangu aliwatazama ndege kwa muda wa kikombe kimoja. Kisha akamwita mlinzi wa msitu, akampima. Alikuwa mzima kabisa, na niliona jambo hilo limemkatisha tamaa kidogo.

Kabla giza halijaingia nikaona majani ya nje yanatikisika. Nilizaliwa chini ya bati katika kambi ya polisi, nikaishi chini ya bati, na mvua kwangu ni kelele kwanza, maji baadaye. Humu ndani ya povu hamkuwa na sauti yoyote. Nikadhani ni upepo. Nikainua kifuniko cha dirisha, nikanyoosha mkono nje, nao ukalowa hadi kiwiko.

"Inanyesha," nikasema. "Tena kubwa. Sikia, husikii kitu."

"Funga," mke wangu akasema, akivuta shuka. "Unaniingizia maji."