Siku Waliyoamini Utani wa Baba Mkubwa

Nina ugonjwa ambao shuleni hawaufundishi. Nikitazama vichekesho vya Kiswidi kwenye televisheni peke yangu, nacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Mama akija kukaa kando yangu na sahani yake ya maharage, vichekesho vilevile vinakufa. Kiswidi sijakisahau. Ila najua ni maneno gani yatampita, na yakimpita yeye yananikwama mimi kooni kama mhogo mkavu. Naanza kusikia kwa masikio yangu na ya kwake kwa pamoja. Kwa mtu ambaye kazi yake darasani ni kuchekesha, huo ni ulemavu.

Ulinishika vibaya kuliko siku zote Jumamosi ya posa ya dada yangu, nilipokuwa darasa la tisa.

Mchumba wa dada ni Mswidi. Sisi wazee wetu walitoka Burundi, na kwetu binti haombwi mara moja akatolewa. Upande wa mvulana unakuja na mshenga, unaomba kwa heshima, na msemaji wetu anakataa. Anakataa kwa mbwembwe, anazua mashitaka ya uongo, anaapa binti hayupo, na mshenga anamjibu kwa akili mpaka watu wachoke kucheka. Ndipo binti anaitwa. Mwisho kila mtu anaujua, lakini ole wake atakayesema kwa sauti kwamba huu ni mchezo.

Kwa kawaida mambo hayo huenda kwa Kirundi. Ila mshenga wao alikuwa Mkenya, nesi anayefanya kazi na shemeji kwenye nyumba ya kutunzia wazee, basi ikawa Kiswahili. Na kwa kuwa wazazi wa shemeji walijua Kiswidi tu, mkalimani nikawa mimi. Mama alinibana jikoni.

"Utafsiri kila neno. Usipunguze, usiongeze utani wako."

"Lakini Mama, utani wangu ndio..."

"Mambo ya mbwa wa mwalimu sijayasahau."

Ya mbwa tuyaache.

Tulikuwa kwenye ukumbi mdogo wa jengo letu, Rissne, pembeni mwa Stockholm, ukuta mmoja na chumba cha kufulia. Dada alifichwa huko, amependeza vibaya sana, kati ya mashine za kukaushia. Tuliwaalika watu saa nane, kwa hiyo wazazi wa shemeji, wametoka Farsta na keki ndani ya kopo la bati, wakafika saa nane. Tulikuwa bado tunapanga viti. Wakapanga nasi. Watu wetu waliingia mmoja mmoja baadaye, wakiwashangaa wageni waliowahi kuliko wenyeji.

Shemeji alikuwa ameelekezwa na dada: kichwa chini, mdomo kimya. Wazazi wake alikuwa amewaambia tu kwamba kutakuwa na hotuba. Hotuba!

Baba Mkubwa, kaka yake baba, aliyekuja na treni kutoka Tumba na suti yake ya vifungo vya dhahabu, akasimama.

"Bon. Mmesema mnatafuta binti. Hapa hakuna binti."

Watu wakapiga kelele za furaha. Nikatafsiri. Kwa Kiswidi ilitoka kavu, kama jibu la karani dirishani. Mama wa shemeji alinigeukia.

"Mzee wangu, heshima yako," akasema mshenga. "Si utuangalilie vizuri? Labda amejificha nyuma ya mapazia."

"Yule? Yule kaingia utawa leo asubuhi."

Nikatafsiri. "Lakini Alhamisi nilikula naye," mama yule akaninong'oneza, na shingo yake ikaanza kuwa nyekundu kutoka kwenye kola kwenda juu.

Hapo ugonjwa ukanipanda. Utani wa Baba Mkubwa nilikuwa nauelewa kila kipande, na hata kimoja hakikunichekesha. Ukumbi mzima ulikuwa unacheka, na mimi nilikuwa nakataliwa. Nikaunyoosha mguu chini ya meza nikamkanyaga shemeji, ainue kichwa amwone mama yake. Akakiinamisha zaidi. Mtiifu huyo! Nikamtazama Mama. Akanionyesha kwa kidole: kila neno.

"Tena," Baba Mkubwa akanguruma, "familia hii tunaijua. Huyu baba alitupita kituo cha treni mchana kweupe, hakutusalimu!"

Watu walijipiga mapaja. Ni shitaka zuri, maana Stockholm nzima ina hatia hiyo. Nikatafsiri, na baba wa shemeji akageuka rangi ya jivu. Alianza kufikiri kwa dhati. Nilimwona akipekua vituo vyote alivyopita maishani.

"Inawezekana," akasema polepole. "Ilikuwa lini? Mwambie naomba radhi sana."

Mama wa shemeji akavuta kopo la keki mapajani. Kisha akatazama viatu vyake alivyovivua mlangoni. Nikasikia mashine moja ikinguruma upande wa pili wa ukuta, na nikamwaza dada yangu anatoka na mapambo yake kukuta viti viwili vitupu.

"Hivi huyu mzee anamaanisha?" mama yule akaniuliza kwa Kiswidi.

Kila neno, si ndiyo? Basi nikasimama.

"Mama wa kijana anauliza: hivi huyu mzee anamaanisha?"

Kicheko kikakatika. Baba Mkubwa akamtazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aanze. Akaiona ile shingo, akaliona kopo. Nikamwona anayasikia maneno yake mwenyewe kwa masikio ya yule mama, na jasho likamtoka. Karibu nimkumbatie: mgonjwa mwenzangu.

Lakini mzee ni mzee. Akakohoa.

"Mwambie namaanisha kabisa. Na faini ni salamu. Mumewe atusalimu leo, sote, deni liishe."

Nilipotafsiri, baba wa shemeji akainuka na soksi zake. Akaanza na bibi wa kwanza mlangoni: "Hej," na jina lake, na mkono. Wa pili, "Hej." Bibi wa tatu akamkatalia mkono, akageuza uso, kisha akamvuta akamkumbatia mpaka miwani ikadondoka. Ndipo naye baba yule akacheka. Mzee wa watu alimaliza ukumbi mzima, akarudi akamsalimu na mkewe.

Mkewe hakucheka. Aliweka kopo mezani.

"Mwambie," akaniambia, uso mkavu, "hata sisi bado hatujaamua kama kijana tutamtoa."

Nilipotafsiri, paa lilitaka kung'oka. Mshenga alipiga meza, Baba Mkubwa akainua mikono, "Tumeshindwa! Mwiteni binti!" Shemeji hatimaye akainua kichwa, hajui kilichotokea.

Mimi nilikuwa bado namchungulia yule mama. Shingo ilikuwa nyekundu vilevile.

"Ulikuwa unatania?" nikamuuliza.

"Lete kisu," akasema, na kufungua kopo.

Nikakimbia.