Barua ya Kukataa Iliyoanza na Pongezi

Nimefundisha Kiswahili katika sekondari za Morogoro miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri, na katika miaka yote hiyo hakuna nilichojivunia kama barua zangu. Watu walinijia na mambo yao ya viwanja, ya uhamisho, ya posa, nami nikawaandikia. Barua yangu haikumvamia mtu. Ilipiga hodi, ikasalimia, ikashukuru, ikapongeza penye kupongezwa, ndipo ikaeleza shida. Hata baada ya kustaafu niliendelea hivyo hivyo, nikijiona bingwa, mpaka barua yangu moja ilipokaribia kumtoa dada yangu shambani kwake.

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa umri na kwa kila kitu kingine. Anaishi Mgeta, juu kabisa, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yetu. Mumewe alifariki, watoto wametawanyika, yeye akabaki na matuta yake ya kabeji na njegere. Akina mama wa parokia walipoanza kikundi cha kulima stroberi, alikuwa wa kwanza kung'oa kabeji zake, na watu wakamwona amechanganyikiwa. Lakini stroberi zilimkubali. Aliezeka nyumba upya, akaweka tanki la maji, na kila Jumapili baada ya misa akawa ananipigia simu kunitania kwamba mimi nakula stroberi za kopo huku zake zinaliwa na Wazungu.

Stroberi ina kasoro moja: haingoji mtu. Ikichumwa leo jioni, kesho inatakiwa iwe mezani kwa mlaji. Za dada na wenzake ziliteremshwa mjini kwa bodaboda, zikapanda basi la Dar es Salaam, na asubuhi zikaingia kwenye ndege ndogo zinazopeleka watalii Mafia na kwenye kambi za mbugani kusini. Kampuni zilizoruka njia hizo zilikuwa mbili tu, moja kubwa na moja ndogo. Kwa kuwa ziligombea mizigo, zote mbili zilikuwa na adabu. Ukiambiwa kwenye dirisha la kwanza kwamba hakuna nafasi, ukianza tu kuelekea la pili, yule wa kwanza anakuita urudi.

Siku moja nikasikia redioni kwamba kampuni hizo zinataka kuungana ziwe moja, na kwamba ofisi ya serikali inayolinda ushindani wa biashara inapokea maoni ya wananchi kabla ya kuamua. Nikampigia dada papo hapo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona leo si Jumapili?"

Nilipomweleza, nikamsikia akifukuza kuku. Kisha akasema, "Wakiwa mmoja, mimi nimekwisha. Nitashuka nije kukaa kwako, nikuangalizie televisheni. Andika barua, mwalimu. Waambie tunakataa."

Niliandika kwa siku mbili. Jumapili nikapanda Mgeta, na misa ilipokwisha nikawasomea akina mama pale nje ya kanisa. Nilianza kwa kumshukuru Mungu kwa uzima. Nikaipa ofisi pole kwa majukumu mazito ya kujenga taifa. Nikazipongeza kampuni zote mbili kwa hatua yao njema ya kutaka kuungana, maana umoja ni jambo la heri, nikaziombea baraka. Nikaeleza hali ya hewa ya Uluguru na historia ya kikundi. Kwenye ukurasa wa pili, karibu na mwisho, ndipo niliposema kwamba hata hivyo, kwa unyenyekevu mkubwa, akina mama wangeomba jambo hilo litazamwe upya. Walinipigia makofi. Mmoja alifuta machozi kabisa. Dada peke yake ndiye aliyekunja uso.

"Mbona kukataa kwetu kumekaa mbali hivyo?" akauliza.

"Dada, barua ina taratibu zake," nikamjibu, na kwa sauti ile niliyokuwa nawanyamazishia wanafunzi. Akatia saini, wengine nao wakafuata.

Baada ya wiki kadhaa kikundi kikaitwa kwenye kikao Dar es Salaam. Dada alichaguliwa kuwakilisha, mimi nikamsindikiza. Tulipanda treni ya umeme asubuhi, yeye akiwa na kitenge kipya na mkebe wa stroberi mapajani, amekataa katakata kuuweka juu penye mizigo. Tulipita Mikese kabla hajamaliza hata kulalamika kwamba treni ina baridi. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, barua imeshasema yote.

Ukumbini tulikaa nyuma. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo wa ile ofisi ya serikali, mpole, mwenye miwani. Wakili wa kampuni alizungumza kwanza, na nikiri kwamba alizungumza vizuri. Alisema kampuni ndogo ina hali mbaya, ndege zake zimechoka, na isipomezwa na kubwa itakufa yenyewe, hapo wananchi wabaki na moja vile vile. Hoja hiyo iliniingia. Nilimtupia dada jicho, yeye alikuwa anamtazama tu yule kijana, amebana midomo.

Kisha wakili akachukua karatasi. "Na hata wakulima wenyewe wanaliona hilo, mheshimiwa mwenyekiti. Wanakikundi wa Mgeta wameandika hivi." Akasoma sentensi zangu, tena kwa lafudhi nzuri kuliko yangu: tunazipongeza kwa dhati kampuni hizi kwa hatua yao njema, umoja ni jambo la heri, tunaziombea baraka. Alipofika hapo akaikunja karatasi. Hakusoma ukurasa wa pili, na sidhani kama aliwahi kuufikia.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Dada hakunitazama. Alisubiri mwenyekiti aulize kama mwakilishi wa kikundi yupo, akanikabidhi mkebe, akasimama.

Sasa, mtu asiyetoka kwetu hawezi kuelewa alichokifanya. Mwanamke wa Mgeta hawezi kuanza kusema mbele ya watu bila kusalimia. Hata kama nyumba inaungua, atakusalimia kwanza, aulizie na watoto, ndipo akuambie moto uko upande gani. Dada yangu alisimama katikati ya ukumbi ule wa serikali, akasema, "Hatutaki waungane." Akanyamaza ili liwafike. Halafu akasema, "Sasa, habari za asubuhi."

Watu wakacheka, hata mwenyekiti. Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba ulikuwepo msimu ambao ndege za kampuni ndogo zilikuwa kwenye matengenezo, ikabaki kubwa peke yake. "Tulikuwa tunaambiwa tusubiri kesho," akasema. "Kesho tunaambiwa kesho kutwa. Mizigo inakaa juani, nikiuliza naambiwa, mama, kama hutaki, peleka kwa mwingine. Na mwingine hayupo. Tulimwaga stroberi nyuma ya uwanja wa ndege pale, nzi wakatushukuru. Huyu kijana anasema ile ndogo itakufa. Labda. Ikifa tutaizika. Lakini msituambie tuizike ikiwa bado inapumua."

Mwenyekiti akamuuliza, mbona barua inasema vingine. Dada akanyoosha kidole kwangu bila kugeuka. "Mwandishi yule pale. Mfungulieni ukurasa wa pili." Ikabidi nisimame mimi, mzee mzima, nisome kwa sauti ile sentensi yenye "hata hivyo" na "kwa unyenyekevu mkubwa". Mwenyekiti aliandika kitu, akasema imepokelewa kama pingamizi.

Tulipokuwa tunarudi kwa treni, dada alisubiri mpaka tulipoacha majengo ya jiji nyuma. Kisha akasema, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kelele, "Uliandika vile kwa sababu unataka nishuke."

Nikaja juu. Nilimwambia hana shukrani, kwamba nimeacha kazi zangu, kwamba hajui mambo ya barua. Yeye akawa anatazama dirishani. Maneno yangu yalipoisha, nikabaki na ukweli mdomoni, na sikuwa na pa kuuweka. Mke wangu alikuwa amefariki. Nyumba yangu mjini ilikuwa na saa ya ukutani niliyokuwa naisikia mchana kutwa. Sikudhamiria barua ile iharibike, naapa. Lakini nilipokuwa naandika, nilimwona dada amekaa sebuleni kwangu, na picha ile haikunisikitisha. Nadhani mkono wangu ulilegea hapo.

"Chumba cha nyuma nimekipaka rangi," nikasema.

"Rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani ninayo nyumbani," akasema, akafungua mkebe akanipa stroberi. Nililia, tena mbele ya abiria, na yeye akajifanya anatafuta kitambaa ili anipe nafasi.

Miezi ikapita. Uamuzi ulipotoka, serikali ilikuwa imekataa: kampuni zibaki mbili. Akina mama walipiga vigelegele. Mimi nilifurahi kwa tahadhari, na tahadhari yangu ikapata kazi haraka, kwa sababu kampuni ndogo ilinuna. Iliegesha ndege moja, ikapunguza safari, na masika yale stroberi nyingi za Mgeta zilichemshwa zikawa jamu. Hapa mjini, kwenye kijiwe chetu cha kahawa, wajuzi wote walisema serikali imeua kampuni, na kwamba wakili yule alikuwa sahihi. Nilikula jamu asubuhi na jioni, na kila Jumapili nilisubiri dada aniambie amechoka. Hakusema. Aliniambia tu sukari ipungue au limao liongezwe.

Kiangazi kilipoingia, watu wawili wa kampuni ndogo wakapanda mlima. Kwa miguu yao wenyewe, maana gari lao liliwashinda kwenye kona za juu. Walikaa barazani kwa dada wakahema, wakanywa maji, ndipo wakaeleza: hakuna tena wa kuwanunua, kwa hiyo wanatafuta mzigo wa kuwaweka hai. Waliuliza stroberi zinachumwa saa ngapi. Hakuna mtu wa ndege aliyewahi kuuliza hilo. Baada ya hapo safari yao ya Mafia ikarudishwa nyuma iwe mapema zaidi, kuwahi mzigo wetu, na haikupita muda kampuni kubwa nayo ikaanza kutafuta namba ya kikundi. Sijui itadumu mpaka lini. Najua kwamba dada aling'oa tuta lake la mwisho la njegere.

Alinipigia siku ya Jumanne kunieleza. Nilimpongeza, kwa ufupi, kwa kuwa nimejifunza. Akasema wale watu wanataka mtu mmoja wa kuongea nao kila siku, kuandika orodha na kujibu ujumbe, kwa sababu yeye mikono yake iko shambani.

"Nitakuandikia kutoka huku," nikasema. "Unitumie tu kwa simu."

"Sitaki uandike kutoka huko. Nataka uje ukae."

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga, na nilijua anaisikia.

"Aliyekuwa anataka mtu wa kukaa naye si mimi, mdogo wangu," akasema. "Ni wewe."

Nikamwambia basi nitafikiria.

"Fikiria ukiwa njiani," akasema, akakata simu.