Nimegonga ukuta, Atu

Jamani, mwenzenu nashindwa. Tangu asubuhi naandika neno "marehemu" na kulifuta. Mwalimu Atupele, marehemu? Huyu Atu wangu? Sikubali. Naandika hivi huku sikubali.

Kwa msiomjua, Atupele alikuwa mwalimu mwenzangu hapa Sumbawanga. Mtoto wa Tukuyu, mfupi, na kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Yeye alifundisha sanaa darasa la tatu, mimi hisabati darasa la nne. Kati yetu kulikuwa na ukuta mmoja tu, tena mwembamba.

Aliripoti kwetu Juni, na kiblauzi chepesi! Baridi ya Ufipa ikamshika barabara. Nikamwazima sweta langu la kijani, na huo ndio ukawa mwisho wangu wa kulivaa. Kila nikimdai ananijibu, "Skola, hili limeshanizoea, usililazimishe."

Kipindi chake cha kwanza kilimliza. Watoto walikaa wameshika penseli, hakuna aliyechora. "Madamu, mimi sijui kuchora." Nusu ya darasa, wimbo ni huo huo.

Kesho yake akaja na kispika cha kuchaji na muziki wa kinanda aliourekodi kwa simu kanisani kwao. Akawaambia, "Basi msichore. Sikilizeni tu, mkono uende unakosikia." Mkono ukaenda. Wimbo ukiwa wa haraka walichora mvua ikipiga mahindi, ukiwa wa taratibu walichora vilima vya huku kwetu, virefuuu, mpaka karatasi ikaisha.

Halafu akawawekea sheria yake. Wimbo ukiisha, penseli chini, karatasi yako inakwenda kwa jirani. Wimbo ukianza tena unaendeleza alipoishia mwenzako. Hakuna picha ya mtu mmoja, kwa hiyo hakuna wa kuchekwa.

Mwalimu mkuu alipita siku moja akauliza, "Madamu, hiki ni kipindi au disko?" Atu akamjibu, "Lesson plan iko mezani, mkuu, lakini kwanza kaa uchore." Akakaa, na suti yake. Wimbo ulipoisha akagoma kutoa karatasi! Watoto wakamzunguka: "Mwalimu, toa, sheria ni sheria." Nilicheka mpaka nikashika mlango.

Umeme ukikatika na spika imezima, aliwaambia watoto waimbe za kwao. Wakaimba za Kifipa, zile bibi zao huimba wakipura ulezi. Kifipa chenyewe alikuwa hajui hata salamu, ila kucheza alicheza, na sweta langu mwilini.

Mimi nilikuwa nagonga ukuta. "Punguza, Madamu! Wangu wanagawanya huku!" Naye anagonga mara mbili kunijibu, kisha anapunguza kidogo sana, kwa dharau. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu ya kila siku.

Alikuwa na tabia ya kulaza kichwa mezani wakati muziki unalia, amefumba macho. Aliwaambia watoto, "Nikilala hivi nasikiliza. Msiniamshe, choreni mpaka wimbo uishe."

Alhamisi wimbo uliisha, ukajirudia wenyewe. Ukajirudia tena. Nikagonga ukuta. Kimya. Nikagonga kwa kiganja chote, kimya. Nilitoka mbio na chaki mkononi.

Darasa zima lilikuwa limeinamia karatasi, linachora. Atu alikuwa amelaza kichwa mezani. Oliva, yule mdogo wa dawati la mbele, akaweka kidole mdomoni kuninyamazisha. "Shii, madamu anasikiliza."

Mungu wangu.

Tulimbeba. Tulimfikisha hospitali. Daktari akasema presha, akasema mengine sikuyasikia. Mimi nilikuwa nimeshika sweta.

Ijumaa Oliva alinishika mkono mbele ya ofisi. "Madamu Skola, tungeacha kuchora angeamka?" Nikamwambia hapana mwanangu, mlifanya alivyowafundisha. Hakuniamini. Nilimwona usoni kabisa kwamba hakuniamini. Tangu hapo hakuna mtoto wa darasa lile anayegusa penseli. Wanadhani wamemuua kwa kuchora.

Leo Jumamosi asubuhi gari limeondoka na Atu kwenda Tukuyu. Watoto walikuja kumuaga, wakasimama kando ya barabara na masweta yao mpaka gari likapotea. Kisha wakarudi darasani, wakakaa, kila mmoja na karatasi yake ya Alhamisi. Nikajua lazima nifanye kitu, na sikujua nini. Nikawasha ule wimbo wa kinanda, nikaacha uishe wenyewe, nikauzima usijirudie. Nilitaka wapeane karatasi, waendelee, maisha yaendelee, yale maneno yote tunayosema msibani.

Hakuna aliyempa jirani.

Oliva akainuka, akaenda kuweka karatasi yake kwenye meza ya Atu. "Ni zamu ya madamu." Mwingine akafuata. Na mwingine. Wote. Kisha wakarudi kukaa, wakakunja mikono, wakaitazama meza.

Atu, karatasi zote ziko kwako. Wanasubiri uendeleze. Niwaambie nini? Walimu mlio humu, nisaidieni, niwaambie nini hawa watoto? Jumatatu nakabidhiwa kipindi chako, na mimi hata mstari ulionyooka nachora kwa rula.

Lala, Atupele wangu. Lala ukisikiliza, safari hii hakuna wa kukuamsha. Sweta sikudai tena, nimemwomba mama yako usafiri nalo, huko Tukuyu nako kuna baridi.

Kabla ya kufunga darasa langu leo nimegonga ukuta. Nimesimama pale, nimeweka sikio, nimengoja.

Jibu basi, Atu. Mara mbili tu.