Jiwe la Familia ya Fundi

Enzi zetu hakuna mtu aliyehamasishwa. Neno lenyewe nilikutana nalo nikiwa mtu mzima, hapa Lilongwe, asubuhi moja nilipomkuta Neema, binti wa kaka yangu, amelala chali kwenye kochi. Kwenye simu yake mwanaume mwenye tai alikuwa akimhimiza aamke. Alikuwa amemtazama mwanaume huyo tangu saa mbili, na sasa ilikuwa saa nne. Nilipomuuliza kwa nini basi haamki, alinijibu kwa upole: "Tantine, video bado kuisha."

Sisi kule Dzaleka, kambi ya wakimbizi wilayani Dowa, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tulihimizwa na mawe.

Nieleze vizuri. Nyuma ya mstari wa nyumba zetu palikuwa na kisima cha pampu, ambacho Wamalawi wanakiita mjigo. Kilifunguliwa asubuhi, kikafungwa kwa kufuli mchana ili maji yapande, kisha kikafunguliwa tena saa tisa. Hapakuwa na mtu wa kusimama juani tangu adhuhuri akisubiri kufuli. Kwa hiyo kila familia iliweka jiwe lake kwenye foleni, mulongo kwa lugha yetu, ikaenda kufanya kazi zake. Jiwe lilikuwa ni wewe. Aliyelisogeza alikuwa amekusukuma, na aliyelitemea mate alikuwa amekutukana. Sisi watoto tulipopita tuliyasalimia kwa majina: "Jambo, Mama Riziki! Jambo, Papa wa kwaya!" Niliwahi kuchapwa kwa kumkalia mchungaji.

Msimamizi wa haya yote alikuwa Papa Safari. Huko Bukavu, kabla ya ukimbizi, alikuwa mkuu wa shule, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ameacha. Alikuwa na daftari alimoandika sura ya kila jiwe: "Familia ya Mama Riziki: jeupe, lina pua." "Familia ya mchungaji: refu, limeinama kidogo." Shuleni tulikuwa wengi na kitabu kimoja, kwa hiyo sehemu kubwa ya kusoma kwangu niliipata kwenye daftari lile, nikilichungulia begani mwa Papa Safari. Mpaka leo nikisoma neno "bapa" nasikia kiu.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Nakumbuka harufu ya pasi yake ya makaa, na vumbi jekundu lililokaa kwenye kila kola nyeupe kabla mwenyewe hajaivaa. Mama alikaanga mandazi na kuyauza barazani, matano matano. Nilipomwambia kwamba nimechoka, alinitazama kwa mshangao wa kweli: "Umechoka na nini? Kazi yenyewe bado kuanza." Huo ndio ulikuwa uhamasishaji wote wa nyumba yetu, na ulichukua muda mfupi kuliko video.

Jiwe letu la kwanza lilikuwa kipande cha tofali kilichovunjika. Mimi, niliyekuwa na miaka kumi na moja na kupenda vitu vikae sawa, nililionea aibu. Nikaenda hadi kijitoni nikatafuta jingine: la mviringo, laini, tumbo bapa, likiketi mahali halitikisiki. Papa Safari alilizunguka mara mbili akaandika: "Familia ya fundi: zuri." Hakuna jiwe jingine lililopewa neno hilo. Kosa langu lilikuwa hapo. Sikufikiri kwamba jiwe zuri linapendwa na wengine pia.

Wiki ile ile Mama alipata kazi ambayo hakuwahi kuipata kabla. Kulikuwa na arusi kanisani Jumamosi, na mama wa bibi arusi alimtaka akaange mandazi ya wageni wote. Akifaulu, arusi zote za kanisa zingekuwa zake. Akikosa, kazi ingekwenda kwa Mama Riziki, ambaye naye alikaanga, na ambaye jiwe lake lenye pua lilikuwa nyuma ya letu siku ile ya Ijumaa. Unga ulikuwa tayari, na mafuta pia. Maji ya saa tisa, bidoni mbili, yaani madumu mawili, ndiyo yalikosekana, na kisima kile hakikuwahi kufikisha foleni nzima. Jiwe letu lilikuwa la tatu.

Nilitoka shuleni nikaenda kuliangalia. Sikulikuta. Mahali pake palikuwa na alama ya mviringo kwenye vumbi na sisimizi wawili walioonekana kushangaa kama mimi.

Sikulia. Nilianza nyumba ya kwanza, nikachungulia jiko moja baada ya jingine. Kwenye nyumba ya tisa, kwa Bibi Consolata, bibi wa Kirundi aliyeishi peke yake, nililiona. Lilikuwa figa la tatu chini ya chungu cha maharagwe, moto ukiliramba tumbo lake bapa.

"Bibi, hili ni jiwe letu!"

"Mukobwa wanje, binti yangu," alisema bila kuacha kupuliza moto, "mi nilifikiri ni jiwe tu. La kwangu lilipasuka."

"Naomba nilichukue."

"Maharagwe iko katikati. Ukiyatoa ku moto sasa, yanakasirika. Hayataiva tena mpaka Yesu arudi."

Maharagwe yenyewe yalikuwa yale ya mgao, yaliyokaa ghalani hadi yakasahau kwamba ni chakula. Yangechemka mpaka magharibi. Nilimkimbilia Papa Safari. Alikuja na daftari, na Mama Riziki akaja nyuma yake, kwa maana habari ya jiwe kupotea ilikuwa imeshamfikia. Papa Safari alipiga magoti kwenye moshi, akakohoa, akachungulia chini ya chungu, akasoma, akachungulia tena.

"Njo yenyewe," alithibitisha huku machozi yakimtoka. "Zuri."

"Zuri ama baya, iliacha mulongo!" alisema Mama Riziki. "Nani aliituma kuja kupika? Mi ni wa tatu sasa."

Mama yangu alikuwa amefika, mikono imejaa unga. Alinitazama mimi, na nilijua kwamba arusi zote za kanisa ziko chini ya chungu kile.

Papa Safari alifunga daftari. "Mama Riziki, sikia. Hii jiwe haikutoroka. Iko ku kazi. Mutu mwenye iko ku kazi, hatumufukuze ku nafasi yake. Lakini mahali yake haiwezi kubakia bule." Akanigeukia. "Furaha, we njo jiwe."

Nikaenda kukaa kwenye alama ile ya mviringo.

"Kama ni jiwe," alisema Mama Riziki akiketi kando ya jiwe lake mwenyewe, mikono kifuani, "isitikisike. Ikisimama tu, mi napita."

Nilikaa. Jua la Dowa lilinikalia kichwani. Kuku alikuja akanidonoa kidole, akaona sifai, akaondoka. Wenzangu walipita wakiruka kamba: "Jambo, familia ya fundi! Jiwe, umekula?" Nilifungua mdomo niwatukane.

"Jiwe haisemake!" alifoka Mama Riziki.

Pua iliniwasha tangu saa saba hadi saa tisa, na sikuikuna. Tangu siku ile nimefanya kazi nyingi, nimejifundisha uhasibu na Kiingereza kwa kamusi, lakini sijawahi tena kufanya kazi kwa bidii kama nilivyofanya pale, nikiwa sifanyi kitu. Kufuli ilipofunguliwa na zamu ya tatu ikaitwa, miguu ilikataa kuinuka. Aliyeniinua ni Mama Riziki. Alinipangusa vumbi, akanitwisha bidoni, akasema kwa kunung'unika: "Ni jiwe kweli." Mandazi yaliliwa Jumamosi yakaisha. Jiwe tulirudishiwa Jumapili, upande mmoja mweusi, pamoja na bakuli la maharagwe.

Siku hizi nina bomba uani. Nalifungua nikiwa nimesimama, nawaza mengine. Neema ana programu kwenye simu inayomkumbusha kunywa maji. Sisi hakuna aliyetukumbusha, na sikumbuki hata siku moja niliyoyasahau. Sisemi tulikuwa bora. Nasema tu tulijua nafasi zetu ziko wapi, na nani yuko nyuma yetu.

Mwaka jana nilikwenda kumwona Mama huko Dzaleka. Jiwe analo bado, linazuia mlango. Nikalibeba hadi kisimani na bidoni yangu, nikaliweka kwenye foleni ya vijana waliosimama wakitazama simu. Mmoja alilisukuma kando kwa kiatu, akatoa kidude kimoja sikioni.

"Mama, jiwe hii ni ya nani?"

"Ni mimi," nikasema, na nilikuwa na maelezo marefu, yaliyopangwa vizuri.

"Jiwe haisemake!" ilifoka sauti ya kizee nyuma yangu.

Sikugeuka. Nilifunga mdomo, na pua ikaanza kuwasha.