Maji ya Kompadre Valdeci

Neuma hakuwa mtu wa kumwamini samaki mgeni. Kwa miaka kumi na minne, kila samaki aliyeingia nyumbani kwake, mtaa wa Mucuripe, alikaa mwezi mzima kwenye pipa la uani, akichunguzwa mapezi na macho asubuhi na jioni, ndipo akaruhusiwa kwenye tangi la sebuleni. Majirani walimtania kwamba hata marehemu mumewe hakuchunguzwa hivyo kabla ya ndoa. Neuma akawajibu kwamba hilo ndilo kosa lake.

Tangi lenyewe lilikuwa la Fidalga. Wengine humo walikuwa wapangaji tu. Fidalga alikuwa kitatange wa manjano na buluu, mpana kama sahani ya wali. Alifika nyumbani mdogo kama kifungo cha shati, mwaka ule Neuma alipofiwa na mume na binti yake akahamia São Paulo. Neuma alimlisha vipande vya kamba kwa ncha za vidole, na wala hakuona haya kusema kwamba samaki yule ndiye aliyemwamsha kitandani mwaka ule.

Aliyemvua Fidalga na kumleta ni Valdeci, mpiga mbizi wa samaki wa mapambo, na ndiye baba wa ubatizo wa binti yake. Kompadre si rafiki tu. Ni ndugu uliyemchagua mwenyewe mbele ya padri, naye akikuita wewe mwanamke husema komadre. Valdeci aliingia kwa mlango wa jikoni bila hodi, akafunua sufuria, akajipakulia. Kila Alhamisi alileta madumu ya maji ya bahari kutoka ng'ambo ya miamba, maana maji ya ufukweni pale mjini hayafai hata kuoshea miguu.

Basi mwezi Machi akaja na samaki wawili, kangaja wa buluu, wazuri ajabu. Alisema wamekaa kwake siku thelathini katika maji safi. Neuma akalitazama pipa la uani, akamtazama na kompadre wake. Kuwapima samaki wa kompadre ni kumwita mwongo ndani ya nyumba yako. Akawatia tangini siku ileile.

Siku ya tisa kangaja wakaota vitone vyeupe, utadhani wamenyunyiziwa chumvi. Siku ya kumi na mbili Fidalga akaanza kujikuna kwenye mawe, akakataa kamba. Neuma alikijua kidudu kile. Hunyonya ngozi ya samaki, huanguka mchangani, hujifungia ganda, kisha huzaa mamia wanaorudi kutafuta ngozi nyingine. Dawa yake ni shaba, lakini shaba huua kamba na konokono na kunywewa na mawe. Kwa hiyo akawahamishia samaki wote kwenye tangi tupu la kioo, na tangi kubwa likaachwa miezi miwili na nusu bila samaki, vidudu vife njaa. Shaba ikipungua haitibu, ikizidi inaua. Asubuhi na jioni Neuma alichota maji kidogo kwenye kichupa, akadondoshea matone ya kupimia, ambayo hugeuka buluu penye shaba, akasoma ubuluu wake.

Kangaja walikufa wiki ya kwanza. Valdeci alikuja kila siku, akabeba ndoo, akasikitika pamoja naye. Kisha akauliza juu ya wavu mdogo wa mkononi: ulikauka vizuri baada ya kuwatia tangini konokono wapya mwezi Februari? Neuma hakukumbuka. Valdeci akatikisa kichwa kwa huruma, akasema basi ni wavu mbichi ulioleta vidudu, uzee unatunyemelea sote. Neuma akaamini. Aliuchoma ule wavu uani, na kwenye simu akamwambia binti yake kwamba mikono yake haifai tena kushika kitu chenye uhai.

Wiki ya tatu Valdeci alileta samaki mdogo wa zambarau kwenye mfuko, zawadi ya kumpoza. Jioni hiyo ubuluu wa kichupa ulionekana wa ajabu, Neuma akahisi matone yameharibika. Alihitaji maji yasiyo na shaba hata chembe, alinganishe. Akachota kwenye mfuko wa kompadre, kwa sababu katika dunia nzima hapakuwa na maji aliyoyaamini kuliko hayo.

Yakageuka buluu.

Alirudia mara tatu. Akachukua kamba mmoja kutoka tangi kubwa, akamweka kwenye kikombe cha maji yale, na kabla kahawa haijapoa kamba alikuwa amelala ubavu. Neuma akaketi. Alijiona mjinga kuliko wote pwani ya Ceará.

Alhamisi Valdeci aliingia kwa mlango wa jikoni, akafunua sufuria. Neuma akamwekea kichupa mbele yake.

"Haya ni maji ya mfuko wako."

Valdeci alikitazama, akarudisha kifuniko cha sufuria. "Komadre, wote tunafanya hivyo. Unatia shaba kidogo, ugonjwa unajificha, samaki anang'aa mpaka anunuliwe. Nisipotia, nusu wananifia mkononi."

"Wafanyie wanunuzi. Mimi uliniambia maji safi."

"Nilidhani wale wamepona."

"Na wavu je? Nililia hapa, Valdeci. Leso ulinipa wewe."

"Sasa ningesemaje?"

"Ungesema."

Alitamani kumfukuza milele. Lakini Fidalga alihitaji maji kutoka ng'ambo ya miamba, na mwenye mashua ya kufika huko pale mtaani ni mmoja. Kwa hiyo tangu siku hiyo madumu yanawekwa kwenye geti la mbele, na Neuma anayapima moja moja, mwenye madumu akiwa amesimama juani, kofia mkononi.

Alhamisi ya tatu, asubuhi, Fidalga alipanda juu, akachukua kipande cha kamba vidoleni mwa Neuma, akarudi kutaka cha pili. Siku ishirini na tisa hakuwa amekula hivyo. Neuma aligeuka kumwita mtu. Katika dunia nzima aliyeweza kuifurahia habari ile kama yeye alikuwa mmoja tu, na ndiye huyo aliyekuwa akibisha hodi getini.

Alitoka na kichupa chake. Maji yalikuwa safi.

"Amekula, komadre?" Valdeci aliuliza.

"Weka hapo, bwana Valdeci," alisema Neuma, akafunga geti.