Mawese ya Moto na Daftari la Safu Mbili

Saa kumi na dakika kumi alasiri nilianza kumimina mawese kwenye madumu, nayo yalikuwa bado ya moto. Yalikuwa ya dada yangu mkubwa: madumu thelathini ya lita ishirini, mtaji wake wote. Mteja, mama mfanyabiashara kutoka Zambia, angekuja kwetu Bangwe asubuhi kuyakagua kabla ya kuyapeleka bandarini. Hakujua Kiswahili. Nyumbani kwetu anayejua Kiingereza ni mimi, niliyejifundisha kwa kamusi na daftari.

"Acha yapoe mpaka alfajiri," dada aliniambia.

"Alfajiri nina kazi nyingine, dada."

"Kazi gani? Hilo daftari?"

Ndilo. Nilikuwa nimeligawa safu mbili. Kushoto, vitu ambavyo Kiingereza huvihesabu: madumu, pamoja na "many" na "a few". Kulia, visivyohesabika: mafuta, pamoja na "much" na "a little". Kwa Kiswahili neno ni lilelile: madumu ni mengi na mafuta ni mengi, basi. Niliogopa nikikosea mteja atatuona hatujui kitu, ashushe bei.

Nilijaza madumu yote mpaka shingoni, nikafunga vifuniko, nikaanza kuzunguka uani nikisema peke yangu. Kila nilichokiona nilikitafutia safu: kuni, moshi, kuku, majivu. Nilikaa, nikasimama, nikarudi kwenye daftari.

"Unawasumbua kuku," dada alisema. "Na chumvi ya mboga yangu iko safu gani?"

"Kulia."

"Basi kailete."

Asubuhi mteja alifungua dumu la kwanza, akaingiza kidole. Mafuta yalikuwa yameshuka chini ya shingo upana wa vidole viwili. La pili vilevile. La tatu pia. Akaniuliza kwa Kiingereza kila dumu lina mafuta kiasi gani. Swali hilo nilikuwa nimeliandika neno kwa neno. Nikajibu bila kosa: lita ishirini.

"Baba," alisema, "Kiingereza chako ni kizuri kuliko vipimo vyako." Akaelekea kwenye bajaji iliyomleta.

Dada hakuelewa maneno yale, lakini aliuona mgongo wa mteja ukienda zake. "Umemwambia nini?" alinong'ona. "Umemwambia nini mtu wa watu?"

Nilimkimbilia, nikamkuta ameshapanda bajaji. Safu zote zilinitoka kichwani. Kwa mikono na kwa Kiingereza kilichovunjika nilimweleza kwamba mawese yalimiminwa ya moto, na yakipoa hupungua; kosa ni langu, dada alinikataza. Nikamwomba saa moja. Alitazama saa yake, akashuka.

Nilipita kwa majirani nikinunua mawese yaliyopoa, kwa shilingi elfu nne na mia tano lita moja. Mteja alisimama juu ya kila dumu nikijaza, kidole chake tayari. Kwa jumla ziliingia lita ishirini na saba. Dada alilipwa fedha yake yote. Mimi nilipoteza shilingi 121,500.