Neno "Nitakuja" Lilikuwemo

Ningependa hili lisijulikane, lakini ukoo mzima wa kwetu Machame ulishuhudia, kwa hiyo bora nilisimulie mwenyewe. Mimi ni fundi redio hapa Njoro, nina miaka hamsini na moja, na kuandika programu za kompyuta nimejifundisha mwenyewe, daftari mkononi. Mwaka jana kabla ya Krismasi niliwaandikia ndugu wote kuuliza nani atakuja kwenye ibada ya shukrani ya mama, majibu yakamiminika, marefu, na salamu na habari za magonjwa, nami badala ya kuyasoma nikaandika programu ya mistari minne: ikikuta "nitakuja" ndani ya ujumbe, iweke jina kwenye orodha. (Nilikuwa makini. Sikuiagiza itafute "takuja", maana hiyo imo hata ndani ya "sitakuja".)

Orodha ikatoka na jina la kaka Elia, aliyekwenda Ulaya miaka kumi na moja iliyopita na hajarudi. Sikungoja, nilipanda mlimani kwetu Machame siku hiyohiyo kumwambia mama. Alitoa blanketi jipya kabatini akalianika juani.

Siku yenyewe ibada ikaisha, mbuzi akaiva, mama akakataa nyama kukatwa mpaka Elia afike. Ikawa saa nane, ikawa saa tisa, wazee wanaangalia njia ya migombani, watoto wanalia njaa. Baba mdogo akaniita mbele ya watu.

"Wewe mtaalamu, kaka yako amesema anafika saa ngapi?"

"Saa sijaangalia, baba mdogo."

"Si utusomee basi."

"Na kwa sauti," shangazi akasema, "tuna njaa, hatuna nguvu ya kutega masikio."

Nikafungua simu, nikasoma kwa sauti ujumbe ambao sikuwahi kuusoma: "Mdogo wangu, kila mwaka natamani kukuandikia nitakuja, na kila mwaka karatasi zangu hazijakamilika. Usimwambie mama, ataanza kunisubiri."

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

"Kateni nyama," mama akasema. Kisha akanivuta karibu. "Rudia pale anapotamani."

Nikarudia, mara tatu.

Programu haikukosea, niliiuliza kama neno limo, na neno limo. Nimeapa kwamba ujumbe wa ndugu nitausoma mwenyewe mpaka mwisho, tena kimyakimya kwanza.